Mwalimu wa Necha na Mkaratusi wa Kerubo

Mtu akiniuliza kama yule mwalimu alikuwa mwema au mkatili, mimi hubaki nimeduwaa. Nilikaa darasani mwake, nikala viazi vyake, nikachapwa kwa fimbo yake, na baadaye nikamchukia kwa miaka kadhaa, na bado sijui nimweke kapu gani. Pale kwetu chini ya mteremko wa Manga walimwita Mwalimu wa Necha, kwa sababu ya lile somo la miti, wadudu, udongo na mvua lililoandikwa kwa Kiingereza kwenye ratiba na midomo yetu ikalitoa hivyo. Alikotoka hakusema. Kwetu mtu asiyesema alikotoka husemewa na wengine, basi walimsema mpaka wakachoka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nyayo kubwa na viatu vya raba vyeupe ambavyo alivipaka chaki kila Jumapili, kwa maana Jumamosi ilikuwa Sabato na hata kiatu kilipaswa kupumzika. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko umbo lake. Alipokasirika ilizidi kupungua, na ikipungua kabisa ujue kuna mtu atakayelia.

Alitufundisha kwamba mti una uhai, na kwamba anayevunja tawi bure amevunja kidole cha mtu. Hayo aliyasema ameshika fimbo, na fimbo haioti sokoni. Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza ile fimbo imetoka wapi.

"Ilianguka yenyewe," akasema.

Darasa zima lilikuwa limemwona asubuhi ile akiikata kwenye ua wa hedimasta. Tulitazamana. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa na mwalimu huyu, na sijapona.

Lakini siwezi kumweleza bila kumweleza mdogo wangu Kerubo. Surua ilimchukua macho kabla hajaanza kusema vizuri. Wageni walipokuja nyumbani, Kerubo aliwekwa jikoni na mlango ukarudishwa. Hakuwekwa huko kwa chuki. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu aibu ya mtoto mmoja huenea mji mzima. Kerubo alizoea kukaa kando ya mafiga akichambua wimbi, anasikiliza wageni wakiwasifu watoto wengine wa nyumba hiyo.

Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani alipokwenda peke yake, nako ni kwenye chemchemi. Nyuma ya nyumba yetu mteremko ulishuka kupitia migomba, na huko chini maji yalitoka kwenye mwamba, yakapita juu ya ganda la mgomba alilotega mama, yakaanguka kidimbwini. Yalilia mchana kutwa. Kerubo aliyafuata kwa masikio, akajaza kibuyu chake, akageuka akapanda. Ukimzuia asiende alikuwa halii, alikuwa haongei hadi kesho yake. Mama alisema, "Mwacheni. Hako ni kasafari kake."

Mwalimu alikuja kwetu kuomba ndimu. Baba akamkaribisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa. Yeye akapita moja kwa moja jikoni, akaketi kwenye kigoda akiwa amekunja miguu yake mirefu, akamtazama Kerubo akichambua wimbi. Akachukua changarawe akaitumbukiza kwenye ungo. Kerubo akaiokota, akaitupa nje.

"Jumatatu aje na kibao cha kuandikia," Mwalimu akamwambia baba.

"Mwalimu, mtoto huyu haoni."

"Hilo nimeliona. Aje na kibao hata hivyo."

Alisahau ndimu zake. Sijui kama kweli alifuata ndimu.

Jumatatu nilimshika Kerubo mkono nikampeleka shule, na nilijisikia mtu mkubwa. Mwalimu alisimama mlangoni, akautoa mkono wangu kwenye wake kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Usimshike mkono."

"Ataanguka, Mwalimu."

"Ataanguka. Na wewe mkono wako siku moja utaolewa, uende nao. Hapo atashika nini?"

Kerubo alianguka kweli. Alianguka kwenye mtaro wa barabara, akaanguka kwenye ngazi ya darasa, akaja nyumbani magoti yamechubuka. Mama yangu ni mtu mpole, lakini siku hiyo alijifunga leso akapanda shuleni, nami nikamfuata nyuma nisikose kuona.

"Mwalimu," mama akasema, "wewe una mtoto?"

"Nina darasa zima, mama."

"Nauliza wa tumbo."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Baadaye akaingia nyumbani kwake, akatoka na fungu kubwa la chinsaga, zile mboga chungu tunazozipenda, akampa mama mikononi. Mama alirudi nyumbani na mboga, hasira imemtoka na haelewi imetokaje. Alipika zile mboga kwa maziwa, tukala, na hakuna aliyezungumza juu ya jambo hilo tena.

Darasa lake lilikuwa la kila mtu. Alikuwamo Makori, jina wanalopewa watoto waliozaliwa njiani, naye miguu yake ilikuwa imekufa kwa polio na hakuwahi kuitembea njia yoyote. Tulimsukuma kwa wilbaro ya shule, kwa zamu. Alikuwamo msichana mmoja asiyesikia, ambaye Mwalimu aliongea naye kwa ishara za mikono walizojitungia wenyewe, na sisi tukaijua ile lugha tukaitumia kusengenya. Siku hizo watoto kama hao walifichwa, au walipelekwa mbali kwa wazungu wa misheni. Mwalimu hakuhubiri juu ya jambo hilo. Aliwaweka tu mbele, akaanza somo.

Kwenye kona alikuwa na rafu ya necha: viota, maganda ya konokono, mbegu za mti wa mwati, udongo mwekundu, udongo mweusi, na ule udongo laini wa bondeni. Kila asubuhi tulinusa na kupapasa. "Macho ni mavivu," alisema. "Yakishaona yanadhani yamejua." Alitukataza kuua hata siafu. Lakini siku Makori alipoleta kinyonga, Mwalimu aliruka juu ya dawati, akakusanya sketi yake magotini, akafundisha somo zima akiwa huko juu. Kerubo ndiye aliyemshika yule kinyonga kiganjani, maana hakuwa amewahi kuona uso wake akauogopa.

"Miguu yake ikoje?" Mwalimu akauliza kutoka dawatini.

"Inashika kama koleo la babu," Kerubo akasema. "Shuka ujionee, Mwalimu."

"Nakuamini," akasema, na hakushuka.

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Nilimpenda sana siku hiyo.

Halafu kulikuwa na vitambaa. Ijumaa, kabla ya kufunga, alitufunga wote machoni kwa vipande vya shuka kuukuu, akatutoa nje tutambue miti kwa gome na harufu. Tulijikwaa, tukagongana vichwa, tukapiga kelele za furaha. Kerubo alitangulia mbele bila shida, na Mwalimu alikuwa akitabasamu, nadhani akiona kwamba amempa mdogo wangu kitu kikubwa. Nami niliona hivyo. Tulipofika darasani na kuvua vitambaa, kila mtu akipepesa macho, Kerubo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, wao wakivua, mimi nivue nini?"

Sauti ya Mwalimu ikapungua ikaisha. Alituambia twende nyumbani, na kengele ilikuwa bado. Wiki iliyofuata vitambaa vilikuwa vimekatwakatwa vya kufutia ubao. Hakueleza, hakuomba radhi, na Ijumaa zikawa za kuimba. Nilimuuliza Kerubo kama alikuwa amekasirika. Akasema hapana, alikuwa anauliza tu.

Sasa nifike kwa mkaguzi, kwa sababu mambo yote yaliyonichanganya yalipitia mlango huo.

Hedimasta alipata habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja, naye alikuwa mtu wa kuogopa kivuli chake. Alimwita Mwalimu pale uwanjani, sisi tukiwa tunafyeka nyasi.

"Yule kipofu na yule wa wilbaro," akasema, "siku hiyo wabaki kwao. Akiwaona atauliza nani alitoa ruhusa. Watafukuzwa, na wewe ufuate."

Tulingoja Mwalimu akatae. Mwalimu akasema, "Ndiyo, Hedimasta."

Nilienda nyumbani nikilia kwa hasira. Nilimwambia mama kuwa Mwalimu wa Necha ni mwoga kama wengine, na mama akasema afadhali, labda magoti ya mtoto yatapona. Kerubo alichukua kibuyu chake akashuka chemchemini. Alikuwa amejua kuhesabu kwa mbegu na kuandika jina lake kwa kijiti kwenye udongo, na hakutaka kurudi kwenye mafiga.

Siku ya mkaguzi tulipiga viatu rangi wale tuliokuwa navyo. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia, anayejifuta jasho. Mwalimu alipoambiwa aonyeshe somo, alisema leo ni necha na necha haifundishwi ndani. Akatupanga mstari, akatuongoza, na mkaguzi na hedimasta nyuma, tukashuka, tukapita migomba, na ghafla nikatambua tunakokwenda. Tulitokea kwenye chemchemi. Kerubo alikuwa pale, amechuchumaa, anajaza kibuyu, mguu mmoja ndani ya maji. Alikuwa amezuiwa shule, na akizuiwa shule angekuwa wapi kwingine?

"Huyu mtoto ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni mwanafunzi wangu, bwana," Mwalimu akasema. "Leo ameagizwa abaki nyumbani."

"Kwa nini?"

Mwalimu akamgeukia hedimasta kwa adabu, kama anayempisha mtu mlangoni.

Mkaguzi alimsogelea Kerubo, akamuuliza maji yanatoka wapi. Kerubo akamweleza yote: mvua ikinyesha Manga inazama kwenye udongo, inatembea chini polepole, inafika hapa imepoa. Akamwambia ukiweka sikio kwenye mwamba asubuhi unaisikia inakuja. Mkaguzi, na kofia yake, akaweka sikio kwenye mwamba.

Mpaka leo sijui kama Mwalimu alipanga hayo au yalitokea tu. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akasema, "Nilikuwa natafuta kivuli." Pale hapakuwa na kivuli.

Mkaguzi, alipoambiwa habari za Makori pia, akasema Kerubo na mwenzake warudi darasani, na asisikie tena habari za kuwaficha. Halafu akatazama lile bonde, matope na matete yaliyolizunguka jicho la maji, akakunja uso. Akasema darasa la namna hii lazima lionyeshe kazi, wakubwa waone. Mahali hapa ni pa mbu, akasema, ardhi imelala bure. Mtaletewa miche ya mikaratusi, kila mtoto apande mti wake.

Mwalimu aliinama karibu apige goti. Sijawahi kumwona akiinama hivyo mbele ya mtu.

Miche ililetwa kwa lori. Sisi tuliuita ule mti blugamu, na hatukuwa na jina lake lingine. Tulipanda siku nzima, tope hadi mapajani. Makori wilbaro yake ilikwama kwenye tope, basi akapandiwa wake na wenzake huku akiwaelekeza kwa makelele kutoka ukingoni. Kerubo alikwenda njia anayoijua, akafika pale maji yanapoanguka, akachimba kwa vidole, akapanda wake hapo hapo kwenye jicho. Mwalimu akatuimbisha: miti huleta mvua, mvua huleta maji, maji huleta uhai. Tuliimba hadi nyumbani. Hakuna aliyeonya kwamba mti ule hunywa maji. Baadaye kila mtu alidai kwamba alionya, hata baba, ambaye nakumbuka vizuri alikwenda kuomba miche iliyobaki.

Mti ule hukua mbio, kama unamkimbilia mtu unayempenda. Kerubo aliupima wake kwa vidole viwili, baadaye kwa kiganja, baadaye kwa kuukumbatia, na siku mikono yake iliposhindwa kukutana upande wa pili alirudi akicheka peke yake. Kulikuwa na harufu kali ya majani yale kote bondeni. Mbu walipungua, matope yakakauka, watu wakapanda mahindi palipokuwa na matete, na wageni wa serikali wakaja kuona kazi ya darasa la Mwalimu wa Necha.

Halafu ganda la mgomba likaanza kudondosha badala ya kumimina. Mwanzoni ilikuwa wakati wa kiangazi tu, tukasema ni kiangazi. Mwaka uliofuata lilinyamaza kiangazi chote. Mama alihamisha ganda, akachimbua kidimbwi, akalisafisha jicho kwa mikono. Mwishowe tulikaa tunatazama mwamba mkavu wenye alama ya kijani pale maji yalipokuwa yakipita.

Wanawake walianza kuteka mtoni, mbali, kwa njia ya utelezi na gogo moja la kuvukia. Kwa sisi ilikuwa taabu. Kwa Kerubo ilikuwa mwisho. Hakuweza kuvuka lile gogo peke yake, na akishikwa mkono hakutaka kwenda. Alikuwa msichana mkubwa sasa, shule ya msingi ameimaliza akiwa anasomewa na wenzake, na nafasi ya kuendelea hakuipata. Alirudi jikoni kwenye kigoda chake. Safari hii mlango haukurudishwa na mtu, ila yeye mwenyewe hakutoka.

Siku moja alijipapasa hadi nyumbani kwa Mwalimu. Nilimfuata kwa mbali, kwa kuwa sheria ya mkono nilikuwa bado naiogopa.

"Mwalimu," akasema, "ulituimbisha kwamba miti huleta maji. Ya kwetu yamepelekwa wapi?"

Mwalimu alianza kuongea haraka, naye hakuwa mtu wa kuongea haraka. Akasema jua limezidi. Akasema watu wanalima pareto mpaka ukingoni mwa bonde, udongo umekuwa mgumu. Akasema mvua ya Manga si ile ya zamani. Kerubo alimsikiliza hadi mwisho, akasema asante, akageuka. Mvua ilikuwa inanyesha alasiri ile ile, kama kawaida yetu, na walirowa wote wawili.

Muhula uliofuata Mwalimu alihamia shule moja upande wa Keumbu. Aliondoka Jumapili bila kuaga, akiwa na sanduku na viatu vyake vyeupe, na rafu ya necha ikabaki kwenye kona. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Alimtoa mdogo wangu jikoni, akamwonjesha dunia, akamrudisha pale pale alipomkuta, akaenda zake.

Niliolewa, tena huko huko Keumbu, na mkono wangu nikaenda nao kama alivyosema. Nikimwona sokoni akinunua ndizi nilizunguka upande mwingine wa wauza vyungu. Alianza kuwa na mvi. Nilisikia kwamba kwenye shule yake mpya hakufundisha nyimbo tena.

Basi ikawa, miaka ya sabini ikiyoyoma, nimekwenda kwetu kumsaidia mama kuvuna wimbi, nikasimama nyuma ya nyumba kutazama bonde nikaona mbingu. Mikaratusi ilikuwa imetoweka. Palikuwa na visiki, kila kimoja kimebanduliwa gome na kufunikwa tope ili kisichipue, na mti mmoja mrefu katikati umebaki peke yake.

"Mwalimu wako ameharibikiwa, Kemunto," mama akaniambia. "Anakuja kila Jumapili na shoka."

Nilikwenda kwa Makori, ambaye siku hizo alishona viatu pale njia panda na alijua habari za kila mtu kwa kupitia soli zao.

"Alikuja hapa," Makori akasema, uzi mdomoni. "Akasema, nimekuja kuomba mti wako. Nikamuuliza, unajenga, Mwalimu? Akasema hapana, nabomoa. Nikampa. Ule mti sikuwahi hata kuugusa."

"Na wengine?"

"Wengine walimtukana. Mti umeiva, unafaa nguzo, mtu akupe tu? Akawaambia mbao na nguzo zote mchukue, mimi nataka kisiki. Akakata mwenyewe. Mzee yule, Kemunto. Mikono imepasuka kama gome."

Uliobaki ulikuwa wa Kerubo.

Jumapili ile Mwalimu alifika kabla ya jua kupanda. Hakwenda sebuleni. Aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda kile kile, miguu ikimpa taabu kuikunja, akaegemeza shoka ukutani. Nilikuwa nikisonga ugali na sikumsalimu vizuri.

"Kerubo, nimekuja kuomba mti wako."

"Hapana, Mwalimu."

"Ndio uliobaki. Uko kwenye jicho lenyewe."

"Najua ulipo. Niliupanda."

"Chini pameanza kuwa na unyevu. Huo ukitoka, maji yatarudi. Utakwenda mwenyewe kama zamani."

Kerubo aliendelea kuchambua wimbi. "Hili shamba ni la baba," akasema, "baadaye litakuwa la kaka zetu. Kemunto ana mume. Mimi hapa nina mti. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba maji yalipokuwa yakilia niliyafuata. Yaliponyamaza nilikaa hapa mpaka nikadhani nitaota mizizi. Halafu usiku mmoja wa upepo nikausikia ule mti wangu. Unavuma tofauti na mingine, ni mrefu. Nikaanza kuufuata. Naenda mpaka pale, nauegemea, narudi. Ukiukata leo, na maji bado hayana sauti, nitafuata nini?"

Mimi sikujua kwamba alikuwa akitoka. Hata mama hakujua. Mwiko ulinisimama mkononi.

Mwalimu aliokota punje ya wimbi iliyodondoka, akairudisha ungoni. Halafu akasema, "Nilikosea, Kerubo. Niliambiwa nipande nikapanda. Siku ile yule bwana alipokubali ubaki darasani, angeniambia nipande mawe ningepanda mawe. Nikaimba na wimbo juu yake."

Nilitaka kumfokea na nilitaka kumpa maji ya kunywa, vyote kwa pamoja.

"Umevaa kitambaa kichwani?" Kerubo akamuuliza.

"Nimevaa."

"Kifunge machoni. Twende."

Nilidhani atakataa. Alikifungua, mvi zikaonekana, akakizungusha machoni akafunga fundo nyuma. Kerubo akachukua fimbo yake, akatoka, na Mwalimu akamfuata kwa sauti ya miguu. Alijigonga kwenye mgomba wa kwanza. Akajigonga kwenye wa pili. Pale penye mteremko aliteleza akakaa chini kabisa, na Kerubo alisimama akamngoja, hakurudi kumwinua. Nilikuwa nyuma yao na sijui hata uso wangu ulikuwaje.

Upepo ulivuma juu kwenye ule mti, sauti ya mchele unaomwagwa ungoni. Mwalimu aligeuza kichwa akaelekea huko. Alipofika alinyoosha mikono, akaligusa shina, akaweka shavu.

"Hivyo ndivyo ninavyofika," Kerubo akasema. Akachuchumaa, akautafuta mkono wa Mwalimu, akauingiza kwenye tope kati ya mizizi. "Maji yapo, unayasikia? Hapana. Na mimi siyasikii. Hayajalia. Siku yatakapolia, nikayasikia nimesimama mlangoni kwetu, nitamtuma mtu Keumbu. Uje na shoka. Nitakuonyesha upande wa kuuangushia."

"Huenda yasilie mti huu ukiwa bado umesimama," Mwalimu akasema.

"Huenda. Umeikata yote ile mingine, tuone imetuachia maji kiasi gani. Miti haina haraka, si wewe uliyetufundisha?"

Kisha akanyanyuka, akagonga fimbo yake kwenye kisiki, akaanza kupanda kurudi nyumbani. Tulisikia majani makavu ya migomba yakimpisha.

Mwalimu alibaki amesimama, tope hadi kifundoni, kitambaa machoni. Viatu vyake vya raba, bado vyeupe juu, vilikuwa vyeusi chini.

"Kemunto."

"Naam, Mwalimu."

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Unaweza kuvua."

"Hajaniambia nivue."

Nilimtazama yule mwanamke ambaye nimeshindwa kumpenda na nimeshindwa kumwacha, na mwili wangu ukaamua kabla yangu. Nilisogea nikamnyooshea mkono nimpandishe.

Sauti ya mdogo wangu ikashuka kutoka kwenye migomba, haina hasira wala kicheko.

"Kemunto. Usimshike mkono."

Nikaurudisha. Mwalimu alipapasa njia kwa mguu mmoja, akaupata ukingo, akaanza kupanda.